Ponti ya Lori la Kaka Yangu

Mume wangu ni fundi wa malori, na kaka yangu ana lori. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu katika familia yetu. Lori likianza kulalamika, lililetwa kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, likalala uani, na kaka akala bukari, ndiyo ugali wetu, na dagaa wa ndakala mezani petu huku akimngoja shemeji yake amalize kunawa mafuta mikononi. Mama alikuwa akisema, "Moya iko na motokari, moya iko na funguo. Mungu alipanga."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Malori nimeyajua kwa sababu yanaegeshwa mbele ya dirisha la jikoni langu, na kwa sababu mume wangu ana tabia ya kuniita nimshikie kitu. Shika taa. Shika hii bolti. Soma namba, miye sione muzuri toka huku. Nimesahihisha madaftari mengi ya watoto yenye alama za vidole vyangu vyeusi, na wazazi wao wamenizoea.

Kwetu ni Wakatoliki wa kaskazini mwa Katanga. Babu aliletwa Lubumbashi na kazi ya reli, na baba akaifuata kazi hiyohiyo mpaka alipostaafu. Mume wangu amezaliwa hapahapa mjini, ila wazazi wake walitoka Kasai. Mtu wa mbali anaweza kuuliza kuna tofauti gani. Mtu wa hapa haulizi. Nilipokuwa msichana mdogo ilikuja miaka ya fujo, na watu wa Kasai, hata waliozaliwa hapa, walitolewa majumbani mwao wakakaa stesheni na vyombo vyao wakingoja treni za kuwarudisha walikoambiwa ni kwao. Mume wangu alikuwa mmoja wa watoto wa stesheni. Dada yake mdogo hakufika mwisho wa safari ile. Yeye alirudi akiwa kijana, akajifunza ufundi, akanioa. Alipokuja kujitambulisha, baba alimpokea vizuri. Kaka yangu ndiye aliyechinja mbuzi.

Nayaeleza haya mapema ili nisipate kazi ya kuyaeleza baadaye.

Mwaka ule mvua zilipokwisha, wakulima wa upande wa Kasungami walikuwa wamevuna, na magunia ya mahindi yalikuwa yamelala nje yakingoja malori. Kaka alikuwa akipakia kupita kiasi, kama wenzake wote. Siku moja, kwenye mashimo ya njia ile, ponti ya nyuma ikapasuka. Ponti ni ule mhimili wa chuma unaobeba magurudumu ya nyuma. Katikati una tumbo, ndiyo difu, na mbele ya tumbo inatoka pua. Kwenye pua hiyo ndipo inapofungwa kardani, nguzo ndefu inayozunguka na kuleta nguvu kutoka kwenye sanduku la gia. Ufa ulianzia tumboni ukapanda hadi begani. Mume wangu aliupapasa kwa kidole, akatikisa kichwa. "Shemeki, hii haisudewe. Hii ni ya kubadilisha."

Walizunguka pamoja siku nzima wakitafuta ponti nyingine, wakaipata kwa muuza vyuma mmoja ambaye mume wangu anamfahamu, mtu wa Kasai kama yeye. Ilikuwa imetolewa kwenye lori lililokufa, la aina inayokaribiana na la kaka ila si moja nalo. Meno yalikuwa mazima, upana ulikuwa uleule. Tatizo lilikuwa vikalio vya springi, yale mabamba yaliyosudewa, yaani kuchomelewa kwa moto, juu ya ponti ili springi zikae. Havikuwa mahali pake. Ilibidi vikatwe, vipangwe upya, visudewe upya. Na palipo na kusude upya, pua inaweza kutazama popote utakapoigeuza. Juu, chini, mbinguni ukitaka.

Mume wangu ana kipimo kidogo cha mviringo, chenye sumaku mgongoni na mshale unaoanguka wenyewe kwa uzito wake ukionyesha digrii za mwinamo. Aliniita nikaingia chini ya lori na kanga yangu ya zamani, nikalala kwenye kartoni kando yake. Kaka alikuwa amesimama nje. Tuliona viatu vyake tu.

Mume wangu alikibandika kipimo nyuma ya sanduku la gia. "Soma."

"Tatu."

"Inatazama juu ao chini?"

"Chini, kwa upande ya nyuma."

"Bon. Sasa kuya kwa pua."

Akaanza kuizungusha ponti kidogo kidogo kwa jeki, na mimi nikisoma. Viatu vya kaka vikasogea. "Shemeki," akasema, "mbona unaishusha? Kardani iko inapinda. Si ingekuwa nyoofu?"

Mume wangu hana kiburi cha kazi. Alitoka chini, akafuta mikono, akamweleza polepole. "Bantu bengi banafikiri vile. Banataka kardani na pua zikuwe mustari moya. Lakini angalia: kardani iko na viungo mbili, moya mbele, moya nyuma. Kila kiungo kikipinda kinaleta kutetemeka kidogo. Kama vyote viwili vinapinda kiasi kimoya, cha nyuma kinakula kutetemeka ya cha mbele, unabakia na utulivu. Ukinyoosha ya nyuma peke yake, ya mbele inabakia na kutetemeka yake, haina wa kuila." Akachora mavumbini kwa bisibisi mistari miwili inayokwenda pamoja bila kukutana, mmoja wa gia, mmoja wa pua. "Gia inatazama chini tatu. Pua itazame juu karibu na tatu. Lakini tunaiachilia chini kidogo, iwe moya na nusu, mbili. Sababu lori ikivuta muzigo, springi zinajikunja, pua inapanda yenyewe."

Kaka aliitikia kwa kichwa. Nilifikiri ameelewa. Labda aliona tu kwamba maelezo yamekuwa marefu.

Jioni ile mume wangu aliwasha mashine akavibandika vikalio kwa nukta chache za moto, za kushika tu, ambazo nyundo ingezivunja. Akamwambia kaka, nami nikisikia: "Bado. Kesho tunaishusha kwa magurudumu, tunaweka muzigo, springi zikae vile zitakuwa barabarani, halafu tunapima tena. Kisha ndiyo tunasude yote. Ponti yenye kuning'inia hewani inadanganya."

Kesho hiyo haikufika. Simu ilitoka Likasi: shangazi wa mume wangu, aliyemlea baada ya yale mambo ya treni, amefariki. Aliondoka alfajiri kwenda kwenye kilio. Kabla ya kupanda gari alimpigia kaka. "Shemeki, nisamehe. Usiiguse mpaka nirudi."

Kaka aliiacha siku moja. Iliyofuata, ambayo ilikuwa Jumamosi, alikuja na msuderi wake.

Nilikuwa nyumbani. Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa barazani na kazi za shule. Nilisikia nyundo, nikatoka.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "papa ya mutoto alisema mungoje."

"Anarudia lini?"

"Baada ya maziko. Kesho, ao kesho kutwa."

"Mahindi ya bantu haingoje maziko."

"Basi tumupigie kwanza."

Nikapiga. Simu ilikuwa imezimwa. Kwenye kilio nani anachaji simu? Nikapiga tena, na tena, kaka akinitazama mikono kiunoni. Kisha akasema si kwa ukali, kwa sauti ile ya kaka mkubwa anayemtoa mdogo wake njiani, "Acha. Weye ni mudogo wangu. Lori ni yangu. Ingia mu nyumba."

"Lakini pua, yaya. Alieleza juu ya pua."

"Nilisikia. Na miye niko na macho."

Msuderi alizivunja nukta zile kwa nyundo. Wakaiinua pua kwa jeki mpaka kardani na difu vikawa mstari mmoja, umenyooka kama rula ya darasani. Kwa kweli ilipendeza kuitazama. Mtu asiyejua angesema hivi ndivyo inavyopaswa kuwa. Wakasude. Mwanga wa buluu ulicheza kwenye ukuta wa jikoni langu muda mrefu, na nilipokuwa nikikoroga sombe ya majani ya muhogo nilijikuta nimeupa mgongo, kama kwamba nisipouona hautakuwepo. Kabla ya jioni lori likatoka uani.

Mume wangu aliporudi, bado na vumbi la makaburini kwenye viatu, alisimama mbele ya uwanja mtupu. Nikamweleza yote. Akampigia kaka.

"Ulipima?" akamuuliza.

Sauti ya kaka ilitoka kwenye simu kwa furaha. "Niliona na macho, shemeki! Iko nyoofu. Nimekusaidia kazi, weye ulikuwa na kilio."

Mume wangu akaweka simu mezani. "Atarudi," akaniambia, akaenda kuoga.

Hakurudi upesi. Kwa siku kadhaa lori lilikwenda na kurudi Kasungami, kwenye njia mbovu ambako huwezi kukimbia, na asiyekimbia hasikii kutetemeka. Kisha kaka akapata mzigo wa kupeleka upande wa Luano, kwenye lami. Hapo ndipo lori lilipojieleza. Alituambia baadaye kwamba akifika mwendo fulani kiti kilikuwa kikimwasha mgongoni kama kimejaa nyuki, akipunguza mwendo kinanyamaza. Akadhani ni magurudumu. Akaendelea. Hatua chache kabla ya njia ya uwanja wa ndege kiungo kimoja kikakatika, kardani ikaanguka upande mmoja ikaendelea kuzunguka, ikapiga bomba la breki, ikapiga tangi. Lori likaishia mtaroni. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi hapo kando aliacha beseni lake akakimbia.

Lilivutwa hadi kwetu likiwa nyuma ya lori jingine. Siku hiyo uani palikuwa na wateja wawili waliokuja kwa mambo yao, na msuderi yule hakuonekana. Kaka aliruka chini kabla lori halijasimama vizuri.

"Ponti yako," akamwambia mume wangu. "Ponti uliyoninunulisha weye na ndugu yako! Nilijua. Mulipatana."

"Nani alipatana na nani, shemeki?"

"Weye na ule muuzaji wa kwenu. Munaniuzia kitu ya kufa."

Mume wangu alichukua kipimo, akaingia chini. Hakuniita. Baada ya muda tukasikia sauti yake kutoka huko. "Shemeki, kuya usome weye mwenyewe."

Kaka hakutaka. Lakini wale wateja walikuwa wakimtazama. Akapiga magoti na suruali yake nzuri, akaingia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia mume wangu akisema, kwa utaratibu uleule wa siku ya kwanza, "Hapa kwa gia: ngapi?"

"Tatu."

"Chini. Na hapa kwa pua?"

Kiatu cha kaka kikakwaruza mavumbini.

"Ngapi, shemeki?"

"Nane."

"Juu. Ponti ni nzima. Meno ni mazima. Ni pua iliinuliwa."

Hakumcheka. Hakuinua sauti. Nafikiri kama angempigia kelele, jambo lingekwisha kama yanavyokwisha ya wanaume uani, kwa kutukanana kidogo na baadaye kununuliana bia. Kaka alitoka chini, vumbi magotini, macho ya watu yakiwa juu yake, akasimama, akatafuta la kusema. Na alilolipata ni neno lile.

Sitaliandika. Ni jina la mdudu. Watu wa mji wetu wanalijua. Ndilo waliloitwa watu wa Kasai miaka ile ya stesheni, lilipigiwa kelele barabarani na watu wazima na watoto. Mimi mwenyewe nililisikia nikiwa nimeshikwa mkono na kaka huyuhuyu, nikitoka kununua mkate, na yeye akanivuta haraka tupite. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alilisema kwa wingi, "ninyi", wala si "weye". Mteja mmoja aliangalia chini. Mwingine akasema, "Eh, mukubwa, hapana," akaondoka bila kuchukua gari lake.

Mume wangu alikuwa bado chini ya lori. Tuliona miguu yake tu, na miguu ile haikusogea. Kisha akatoka, akapita mbele yangu, akaingia jikoni, akanywa kikombe cha maji akiwa amesimama. Nikamgusa mkono. "Leta grinda," akaniambia. "Iko nyuma ya mulango."

"Mwambie apeleke lori lake kwingine."

"Na hii pua? Kwingine banaweza kuiacha vile. Ataua muntu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyo, na siku ile nilimkasirikia kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia kaka. Nilitaka avunje kitu. Alikata vikalio vile, cheche zikiruka mpaka kwenye ndoo ya maji. Kaka alikaa kwenye gurudumu kuukuu upande wa pili wa uwanja, akipokea simu ambazo sidhani zilikuwa zinalia. Walifanya kazi hivyo siku mbili, kama unaweza kusema walifanya kazi pamoja. Mume wangu alisema "inua", kaka akainua jeki. Alisema "simama", akasimama. Mume wangu hakumwita shemeki tena.

Siku ya pili walilishusha lori kwenye magurudumu, likapakiwa mifuko ya mchanga ili springi zikae. Safari hii mume wangu aliniita. Nikalala kwenye kartoni, taa mkononi, na harufu ya chuma kilichokatwa ikinikaa kooni.

"Gia."

"Tatu chini."

"Pua."

"Moja juu. Kasoro kidogo."

Akagonga. "Sasa?"

"Moja na nusu."

"Soma tena. Usisome na roho, soma na macho."

Nikasoma tena. Mshale ulikuwa unatikisika kwa sababu mkono wangu ulikuwa ukigusa bomba. Nikauondoa. Mshale ukatulia. "Moja na nusu," nikasema. Akabaki ameutazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, uso wake karibu na wangu, na nikaona kwamba alikuwa akilia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni kwa jinsi alivyolala. Akaniambia nimpe waya wa kusude.

Alisude mwenyewe, kipande kidogo huku, kipande kidogo kule, akipumzisha chuma ili joto lisiivute ponti ikapinda. Kisha akafunga kardani yenye viungo vipya, akakagua bomba la breki alilolibadilisha, akasema, "Tuijaribu."

Tukaenda watatu, mimi katikati, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa katikati. Kaka aliendesha. Kwenye lami ya Luano akakanyaga, na nikaona wote wawili wameinamisha vichwa kusikiliza, mmoja upande huu wangu, mmoja upande huu, kama watu wawili kanisani. Lori lilikwenda. Kiti hakikusema kitu. Tulifika hata mwendo ule ambao nyuki walikuwa wakiamka, tukaupita.

"Imetulia," kaka akasema.

"Baada ya safari mbili ukaze bolti za springi," mume wangu akasema.

Ni hayo tu yaliyosemwa kwenda na kurudi.

Nilifikiri pabaya tumekwisha kupapita. Jioni ile tulikuwa mezani sisi watatu, mimi, mume wangu na binti yetu. Binti alikuwa akichezea bukari bila kula. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoniuliza maana ya neno la Kifaransa:

"Mama, kama papa ni ile kitu tonton alisema, miye niko nusu?"

Alikuwa barazani na madaftari yake siku ile tonton wake, kaka yangu, alipolisema neno lile. Sikuwa nimemkumbuka. Hakuna aliyemkumbuka.

Mume wangu akarudisha tonge kwenye sahani. "Mwanangu, ile ni neno ya muntu mwenye kukasirika. Haina maana."

"Lakini alikuwa anakuangalia weye."

"Sikuwa nje. Nilikuwa chini ya lori."

"Alikuwa anaangalia miguu yako," mtoto akasema.

Mume wangu akainuka, akaenda kusimama uani kwenye madoa ya mafuta. Mimi nikamwambia binti yetu mambo mengi, kwamba yeye ni mzima, kwamba hakuna nusu ya mtu, na mengine ambayo mwalimu anajua kuyasema. Alinisikiliza kwa adabu. Nilijua adabu ile. Ni ya mwanafunzi ambaye hajaelewa na hataki kukuchosha.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwa kaka, nyumbani kwake upande wa Kasapa. Mkewe aliniletea kiti na soda. Sikuigusa. Nikamwambia kaka alichouliza mtoto, kwa maneno yaleyale ya mtoto, nikalitaja na neno lenyewe ili alisikie kwa sauti ya dada yake.

Alijikuna shingo. "Nilikuwa na hasira."

"Hasira haitengenezi neno, yaya. Inalitoa mahali lilikuwa."

"Uliona vile alinifanya mbele ya bantu?"

"Alikuambia usome namba."

"Alijua nitaona haya."

"Basi ungeona haya. Haya haiue."

Mkewe akasema polepole kutoka mlangoni, "Baba ya batoto, nyamaza sasa." Akanyamaza. Nilipoondoka hakunisindikiza, na kwetu kutomsindikiza mgeni, tena dada, ni jambo la kukumbukwa.

Wiki mbili zilipita bila simu. Kisha akaja, amevaa shati la misa, na amemleta baba, kwa kuwa mambo ya namna hiyo huendewa na mkubwa. Baba sasa ni mzee, anatembea kwa mkongojo, anasahau majina. Tulikaa sebuleni. Kaka alisema alichokuja kusema. Alikisema vizuri, naamini alikuwa amekirudia njiani. Kwamba alikosa. Kwamba mdomo ulimpita. Kwamba shemeki ni ndugu.

Mume wangu alikuwa ametazama sakafu. Ndipo baba, ambaye tulidhani amekuja kukaa tu, akasema: "Miye nilikuwa kazini, ile miaka. Ni miye nilikuwa nafunga milango ya mabehewa. Bantu walikuwa ndani, miye nasukuma mulango, naweka chuma." Akaonyesha kwa mikono yake jinsi chuma kilivyokuwa kikiingia. "Walisema ni kazi. Na ilikuwa kazi."

Hakuna aliyejua baba alitaka kusema nini zaidi. Kaka alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Mimi nilihesabu miaka yote ambayo mume wangu amekula meza moja na mikono ile bila kujua, au labda akijua, sijawahi kumuuliza. Aliiangalia mikono ya baba mkwe wake muda mrefu. Kisha akamgeukia kaka.

"Nimesikia," akasema.

Kaka alingoja. Sote tulingoja. Mume wangu akainuka, akampa baba mkono ili ainuke, akamshika kiwiko mpaka nje, akamfungulia mlango wa gari, akamfunga mkanda.

Usiku sikulala vizuri, lakini si kwa sababu nilitaka amsamehe. Nilikuwa nikijiuliza kama mimi ningesamehe, na kwa nini watu wote, pamoja na mkewe kaka na padri niliyemweleza, walikuwa wakiniuliza mimi habari za moyo wa mume wangu, kana kwamba ni chumba ninachofagia.

Tangu siku hiyo imekwisha kupita misimu miwili ya mahindi. Kaka alipeleka lori kwa fundi mwingine kwa muda, kisha akarudi. Mume wangu hulitengeneza kama anavyotengeneza ya wateja wengine, kwa uangalifu, na humpa kaka bei bila kumtazama. Husalimiana. Huulizana habari za afya ya baba. Nikiwasikia kwa mbali wakizungumza juu ya breki au mafuta, naweza kudhani ni zamani, mpaka nisikie jinsi wanavyongojana, mmoja akimaliza sentensi yake kabisa kabla mwingine hajaanza.

Juzi kaka alipiga simu kwamba atapita kubadilisha mafuta ya difu. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, alikuwa barazani na madaftari yake. "Ni tonton anakuya?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. Akakusanya vitabu, akaweka kalamu kwenye kifuko, akafunga zipu, akaenda kusomea kwa jirani. Nilisimama mlangoni nikamtazama akivuka barabara. Ningeweza kumwita. Sikumwita.